Hela inaishia wapi? Kutafuta tundu kwenye bajeti ya nyumba yenye madeni

Fundi wa pampu akiitwa nyumbani kwako haanzi kwa kukuuzia pampu mpya. Anauliza kwanza. Maji yanatoka kidogo au hayatoki kabisa? Ni asubuhi tu au saa zote? Umeme ulikatika lini? Akishapata majibu ndipo anafungua boksi la vifaa.

Nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, kwa miaka tisa, na watu wanaonijia wakiwa wamekwama wote wanaanza na neno lilelile: "Dada, hela haitoshi." Hicho ni kilio, hakinionyeshi ugonjwa. Kwa hiyo nauliza kama fundi. Inaisha tarehe ngapi? Unadaiwa na nani kwa siku, na nani kwa mwezi? Mara ya mwisho kukopa ilikuwa kwa ajili ya nini? Majibu ya maswali hayo yanaonyesha tundu liko wapi, na matundu hayafanani. Kuna nyumba yenye kipato kidogo kweli, na kuna nyumba yenye kipato cha kutosha ila tarehe zimegongana.

Kitu kimoja nimekiona karibu kila nyumba: mdai anayepiga kelele kuliko wote ndiye anayelipwa kwanza, na mara nyingi siye anayewala. Anayewala amekaa kimya ndani ya simu.

Kabla hujagusa chochote

Andika madeni yote kwenye karatasi moja. Yote. La benki, la kikoba, la mangi mwenye duka, la shemeji, la mwenye nyumba, la kwenye simu, la kitenge ulichochukua kwa jirani ukasema utalipa mwisho wa mwezi. Kila deni liwe na vitu vinne: limebaki kiasi gani, unalipa kiasi gani, unalipa siku zipi, na usipolipa kinatokea nini. Hicho cha nne wengi wanakiruka, na ndicho chenye maana kuliko vyote.

Halafu kwa siku 14 andika kila shilingi inayotoka, hadi vocha na karanga za mtoto. Usibadilishe tabia wiki hizo mbili. Fundi hawezi kusikia mlio wa mashine uliyoizima.

Kama mko wawili ndani ya nyumba, kaeni wawili. Karatasi ya mtu mmoja ni nusu karatasi. Nitarudi hapo.

Dalili: mshahara umeingia jana, leo nimebaki na nauli

Kama una ajira, anza na salari slipu, usianze na matumizi. Watu wanapanga bajeti kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, huku unaofika benki ni mwingine kabisa.

Chukua mwalimu wa shahada mwenye mshahara wa 800,000. Mchango wake wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, yaani 40,000. Inabaki 760,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake inakuwa 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 16,000. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inachukua asilimia 15, yaani 120,000. Hapo bado hajakopa kwa mtu yeyote mtaani na tayari amebaki na 532,000. Akiwa na mkopo wa benki wa kukatwa 230,000 kwa mwezi, kinachofika mkononi ni 302,000. Mwalimu huyu akijiita mtu wa laki nane anajidanganya. Ni mtu wa laki tatu, na nyumba yake ipangwe kwa laki tatu.

Kwa mtumishi wa umma kuna kanuni ya theluthi moja: makato yasimwache na chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi. Kwa mwalimu wetu theluthi ni kama 266,700, kwa hiyo bado yuko ndani ya mstari. Ila angalia vizuri: kanuni hiyo inaona makato yanayopita kwenye mshahara tu. Haioni kikoba, haioni simu, haioni yule kaka mwenye ofisi ya chumba kimoja pale stendi aliyechukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Ukiwa na deni la namna hiyo, theluthi yako inaliwa tarehe ileile ya mshahara, kabla hujaamka.

Kadi iliyo kwa mkopeshaji ni dalili inayojitegemea. Kwanza, kumpa mtu namba ya siri ni kosa kwa masharti ya benki yoyote, na akitoa zaidi ya mlichokubaliana itakuwa vigumu kwenda kulalamika benki. Pili, inakuondolea uamuzi wa mwisho uliokuwa nao, wa kuchagua nani alipwe kwanza. Nenda benki, badilisha namba ya siri au zuia kadi na uombe mpya. Lakini usimkimbie mtu. Siku hiyohiyo mwambie: "Kaka, deni lako nalitambua. Kadi nimeichukua. Nitakutumia kiasi hiki kila tarehe 25 kwa simu, na kila muamala utabaki na kumbukumbu yake." Atafoka. Mwache afoke, kisha tuma tarehe 25.

Kama salari slipu iko sawa na hela bado inapotea siku moja, chanzo mara nyingi ni mzunguko wa mangi. Mwezi mzima unachukua unga, sukari na sabuni kwa daftari. Mshahara ukiingia unalipa 150,000 yote kwa mkupuo ili usione aibu, na kesho yake huna hela ya unga, unaanza daftari jipya. Deni la mangi halina riba, lakini limekupangia duka. Hununui sokoni wala kwa jumla kwa sababu daftari liko kwake. Ukitaka kutoka, usilipe lote. Lipa theluthi mbili na hiyo iliyobaki nunua kwa taslimu wiki ya kwanza. Hapo daftari jipya litaanza wiki moja baada ya mshahara badala ya kesho yake. Inachukua miezi mitatu hadi minne kulifunga. Ila mwambie mapema, maana mangi anayejua mpango ni tofauti na mangi anayeona umepita mbele ya duka lake na mfuko wa sokoni.

Dalili: nalipa kila siku, deni halipungui

Hapa ndipo kwenye nyama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Madeni ya nyumbani mimi huyagawa kwa namna yanavyokua. Kiasi huja baadaye. Lipo deni linalokua kwa siku. Lipo deni lililoganda, gharama yake imeshapangwa na haiongezeki ukilipa kwa ratiba. Na lipo deni la heshima, lisilo na riba ila lina uso wa mtu.

Linalokua kwa siku ni kama ile huduma ya kwenye simu inayokumalizia muamala salio likipungua. Unakatwa ada unapoitumia, kisha inaendelea kudai ada kwa kila siku unayochelewa, na hela yoyote ikiingia inajikata yenyewe. Kiasi ni kidogo, elfu tano, elfu kumi, ndiyo maana mtu haoni. Lakini ukiitumia mara kumi kwa mwezi na kuchelewa kila mara, ulichokatwa kinatosha mafuta ya kupikia. Deni hili ndilo la kwanza kulipwa, leo, hata kama hakuna anayekupigia kelele. Kila siku ya kuchelewa unayoifuta ni hela uliyookoa kweli. Kisha jiondoe kwenye huduma, au angalau acha kupokelea hela za biashara kwenye laini hiyo.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku, ni habari nyingine. Tuchukue mfano wa kawaida: unaomba 100,000, wanakata 5,000 ya fomu, unaondoka na 95,000. Utarudisha 4,500 kila siku kwa siku 30, yaani 135,000. Ukitoa uliyopokea, umelipia 40,000. Mtu husema, "Basi ni kama asilimia 40." Hapana. Kumbuka umeanza kurudisha kesho yake. Siku ya 15 tayari umesharudisha 67,500. Kwa wastani, hela uliyokaa nayo mwezi huo haizidi kama nusu ya mkopo. Umelipa 40,000 kukaa na elfu hamsini hivi kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo damu inapokaukia.

Linganisha: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila anayekopesha kibiashara anatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni ndogo za mikopo za daraja la pili, yaani zile zisizopokea amana. Kwa laki moja hiyo ni 3,500. Anayekutoza elfu arobaini ama hana leseni, ama ameificha riba ndani ya majina mengine: fomu, usimamizi, bima, ufuatiliaji. Unayo haki ya kumuuliza leseni na kudai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, pamoja na jumla ya gharama zote. Uliza kabla ya kusaini. Ukiuliza baadaye ni mazungumzo tofauti kabisa.

Sasa, kosa linalofanywa hata na watu wenye akili. Mtu anapata hela kidogo, tuseme amevunja kikoba, anakimbilia kumaliza kausha damu siku ya 12 ili "apunguze riba". Haipungui. Gharama iliganda siku uliposaini. Ukilipa leo au siku ya 30 ni 135,000 ileile, labda mkopeshaji akubali kukusamehe sehemu. Kwa hiyo muulize kwanza, na akubali kwa maandishi hata ya meseji: "Nikimaliza leo, unapunguza ngapi?" Akisema hakuna, endelea na ratiba, na hela uliyo nayo ipeleke kwenye linalokua kwa siku au iweke akiba ya marejesho ya wiki mbili. Faida ya kumaliza kausha damu huipati siku unapolipa. Unaipata siku ya 31, unapokataa kuchukua lingine. Wanalijua hilo, ndiyo maana siku ya 25 hivi utapigiwa simu ya upole sana: "Mama, wewe ni mteja mzuri, tukuongezee laki mbili?"

Mkopo wa benki mara nyingi unahesabiwa kwa salio linalopungua, na huo ukiulipa mapema riba inapungua kweli. Lakini benki nayo ina njia yake ya kukurudisha mwanzo, ile ya kuongezewa mkopo juu ya mkopo. Umebakiza miezi 14, wanakupa milioni mbili mkononi, mkataba unarudi kuwa wa miezi 72. Kwenye salari slipu makato hayajabadilika sana, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeshtuka. Miaka imebadilika. Ukiniuliza, huo ndio mkopo uliowazeesha watumishi wengi kuliko kausha damu, kwa sababu hauumi.

Deni la heshima ni la shemeji, la mama mdogo, la rafiki. Halina riba, na hao ndio wanaopiga simu Jumapili baada ya ibada. Usiwalipe kwa kukopa kwingine! Wanachotaka ni kujua hujawasahau. Elfu ishirini kila tarehe moja, bila kukumbushwa, inatuliza kuliko ahadi ya laki tatu "mambo yakikaa sawa".

Ipo hali moja inayovuruga mpangilio huu wote: deni ambalo ukikosa wanabeba kitu cha kukuingizia riziki. Cherehani, pikipiki, friji la mama anayeuza juisi. Hilo linapanda juu ya yote, hata kama riba yake ni ndogo. Hauwezi kulipa deni lolote bila cherehani. Na kama dhamana ni nyumba mnayoishi, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mke au mume aliyeletewa karatasi za kusaini harakaharaka mlangoni ana haki ya kusema, "Ngoja kwanza nisome."

Dalili: siku ya kikoba ikifika natetemeka

Nasema kama mtu anayeshika daftari. Kama unakopa kwingine ili upeleke rejesho la kikoba, mkopo wako ulikuwa mkubwa kuliko mfuko wako tangu siku ya kwanza. Vikoba vingi vinaruhusu kukopa mara tatu ya hisa, na watu wanachukua yote kwa sababu inaruhusiwa. Mara tatu ni ukomo, haina maana kwamba ni kipimo chako.

Riba ya kikoba ina tofauti moja njema: inarudi kwenu kwenye mgawo. Faini nazo hurudi kwenye mfuko wa wote, ila wewe mlipaji ndiye unayebaki mwepesi. Njoo useme kabla ya kikao. Mwanachama akija siku mbili kabla akasema, "Nimekwama, naomba nilipe riba tu mwezi huu, mtaji nianze mwezi ujao," kikao kinamsikiliza karibu kila mara. Akija saa ya kikao na sura ya kulia, kinamsikiliza nusunusu. Asipotokea na simu imezimwa, wadhamini wake wanaanza kuulizwa yeye ni mtu wa aina gani. Heshima ya kikoba inakatika mahali hapo, na ikikatika huna pa kukopea kwa bei nafuu tena.

Ukiwa kwenye vikundi vitatu kwa wakati mmoja, toka kwenye kimoja mgawo ukifika. Mchezo wa kupokezana nao uhesabu. Ukipokea wa kwanza, wewe ni mdaiwa. Ukipokea wa mwisho, wewe ndiye uliyewakopesha wenzako. Mwenye madeni aombe namba ya katikati na aipangie hela kazi mapema.

Dalili: bajeti inakaa miezi miwili, wa tatu inabomoka

Hapa hesabu ya mwezi haina kosa. Kosa ni kudhani mwaka una miezi tu. Mwaka una kodi ya nyumba ya miezi sita, una Januari, una harusi za Desemba, una misiba.

Kodi ndiyo rahisi kurekebisha. Chumba na sebule cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: 360,000. Kwa mtu wa kipato cha siku, kama bodaboda au mama lishe, hiyo ni 2,000 kila jioni kwa siku 180. Usiifikirie kama laki tatu na sitini, utaugua. Kibubu kinafaa, ila kibubu cha nyumbani kina adui anayeitwa kisu. Kipeleke kwa mtu mwenye roho ngumu, au weka kwenye akaunti ya simu inayofunga hela mpaka tarehe uliyotaja. Na mwenye nyumba muombe miezi mitatu mitatu. Mpangaji asiyesumbua mara nyingi anakubaliwa. Anayeomba wakati kodi imeshapita wiki mbili hakubaliwi.

Januari inajulikana inakuja tangu Februari, na bado kila mwaka inatukuta kama mgeni wa usiku. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada kwenye shule za serikali tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Lakini sare, viatu, madaftari, begi, nauli na michango ya chakula havikufutwa. Andika gharama za Januari iliyopita, gawa kwa 11, anza Februari. Viatu nunua Novemba. Wachaga wenye safari ya Moshi Desemba, nauli ya kurudi ikate pamoja na ya kwenda, mengine tutaongea mkirudi.

Michango nayo. Kadi ya harusi haina tatizo ikija moja. Tatizo ni makundi manne ya kamati kwenye simu, na kila moja lina katibu anayetangaza majina ya walioahidi. Panga kiasi cha mwaka mzima cha harusi, sendoff na kipaimara, kikiisha sema kimeisha. Ahidi kidogo utakachotoa. Ahadi isiyolipwa ni deni jipya, tena la hadharani. Ila mchango wa msiba sikushauri ukate hata ukiwa umebanwa vipi. Toa elfu moja, nenda ukamenye vitunguu, beba maji. Uswahilini hiyo ndiyo bima yetu, na anayelala nyumbani misiba ya wenzake hukumbukwa siku yake.

Dalili: jikoni panameza

Watu wanaanza hapa. Mimi naweka karibu na mwisho, kwa sababu huwezi kumaliza kausha damu kwa kupunguza nyanya.

Bado kuna la kufanya. Mafuta ya kupima ya shilingi mia tano kila jioni, sukari robo, mkaa wa kopo: ukihesabu kwa mwezi unakuta umelipia lita na gunia kwa bei ya juu bila kuviona. Lakini kununua jumla nako kuna mtego ambao washauri hawausemi. Ndoo ya mafuta ikiwa ndani mkono unamwaga, na mgeni akija anakaangiwa. Kipimo kidogo ni ghali ila kina breki. Kwa hiyo nunua jumla vitu viwili tu ambavyo havina tamaa, kwangu ni unga na sabuni, na mafuta yagawe kwenye chupa ndogo za wiki.

Maharage yaloweke usiku kabla hujayaweka kwenye gesi, vinginevyo mtungi wa kilo 6 utakuumbua. Umeme nao uangalie: mteja wa matumizi madogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo zinatozwa 350. Friji kuukuu lenye mpira wa mlango uliolegea linaweza kuwavusha mstari huo nyumba nzima. Mpira unabadilishwa na fundi.

Dalili: simu zinapigwa kwa mama mkwe

Hii ni ya programu za mikopo za kwenye simu. Ulipoipakua iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, ukabonyeza ndiyo. Sasa umechelewa siku tatu na bosi wako anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo angalia kwanza kama yako imo.

Deni halifutiki kwa sababu aliyekukopesha ana makosa. Lakini kukudhalilisha si sehemu ya mkataba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Piga picha za meseji, hifadhi tarehe na namba, ondoa ruhusa za programu kwenye mipangilio ya simu, kisha peleka malalamiko. Wale ndugu waandikie ujumbe mmoja mfupi wewe mwenyewe kabla hawajapigiwa tena. Aibu iliyosemwa na mwenyewe ni nusu ya ile iliyosemwa na mgeni.

Na hapa ndipo narudi kwenye karatasi ya watu wawili. Mara nyingi nyumba inajua habari za deni siku simu inapopigwa kwa mkwe. Mke ana kausha damu mbili mume hajui. Mume amedhamini rafiki kazini mke hajui. Kila mmoja anachota kwenye hela ya chakula kwa siri na kumlaumu mwenzake kwamba ni mbadhirifu. Nimeshuhudia karatasi mbili zikiwekwa mezani na jumla ikawa karibu mara mbili ya kila mmoja alivyodhani. Usiku ule hakuna aliyekula. Wiki iliyofuata walikuwa na ratiba moja. Ukitaka kuanza mazungumzo hayo, anza na deni lako, sio na la mwenzako. "Baba watoto, kuna kitu sijakwambia, kaa kidogo," inafungua mlango. "Hela unapeleka wapi?" inaufunga.

Dalili: kila kitu kimepangwa, hesabu bado haifungi

Kuna wakati madeni ya mwezi ni 280,000 na kinachobaki baada ya ugali na nauli ni 190,000. Hapo usijilaumu kwa nidhamu. Tisini haipo, na kukopa tena kutaifanya iwe mia na kumi.

Njia ni tatu na zote zinauma. Omba muda urefushwe: benki na SACCOS zinaweza kupanga upya marejesho, lakini zinasikiliza zaidi ombi la maandishi lililopelekwa kabla hujakosa rejesho, likiwa na kiasi unachoweza na tarehe. Uza kitu, ila uza wewe, mchana, kwa mnunuzi uliyemtafuta. Televisheni iliyobebwa na wakusanya madeni huhesabiwa kwa bei yao. Au ongeza kipato kwa kazi isiyohitaji mtaji wa kukopa. Kuanzisha genge kwa kausha damu ili genge lilipe kausha damu, nimeona likifanikiwa mara moja, na yule dada alikuwa na mumewe anayeleta mboga bure kutoka Kisarawe.

Dalili ya mwisho haionekani kama dalili: deni limeisha na umesahau. Dai barua ya kumaliza mkopo. Rudishiwa kadi, hati au picha za pasipoti ulizoacha. Wajulishe wadhamini wako kwamba wako huru. Kama ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, fungua salari slipu ya mwezi unaofuata uone kweli mstari ule umeondoka. Mwanachama wetu mmoja aliendelea kukatwa miezi miwili baada ya kumaliza, na alirudishiwa hela yake kwa sababu barua alikuwa nayo mkobani.

Kiasi kilichokuwa kinakatwa kipe kazi kabla ya mwezi kuisha. La sivyo tarehe 26 kitakuwa kimeshageuka nyama choma, na hakuna atakayekumbuka kilivyopita.